Kasi yangu imeshuka tangu nihamie Ubelgiji. Je, nirudi Mwanza?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 23, naendesha baiskeli za mashindano, kwetu ni Kisesa, Mwanza. Mwezi wa tisa nilipata nafasi kwenye klabu ndogo huku Ubelgiji, karibu na Gent. Nyumbani kipande cha Nyanguge hadi Magu nilikuwa nakipiga peke yangu kwa wastani wa kilomita 38 kwa saa. Sasa ni Januari, nikijikaza sana napata 34. Klabu wamenipa kifaa cha kupima wati, yaani nguvu ya miguu: Septemba nilitoa 300 kwa dakika 20, wiki iliyopita 282. Uzito umetoka kilo 65 hadi 59, ingawa kocha anasema wepesi ni mtaji. Nafanya mazoezi saa 18 kwa wiki. Asubuhi nakula mkate na chai, barabarani nabeba ndizi moja na maji, nikirudi nakula wali, jioni tambi. Nusu ya posho natuma nyumbani. Nasikia baridi hata ndani ya nyumba, usingizi umekuwa wa mang'amung'amu, na mambo ya kiume ya asubuhi yamenyamaza. Oktoba nilishiriki mbio mbili, zote niliachwa mapema. Mwenzangu Mkenya anasema nimepoteza mwinuko, niende Iten mwezi mmoja. Mwingine anasema nitundikiwe dripu ya madini ya chuma. Mama anasema nirudi tu. Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishtua si ile 34. Ni ile ndizi moja.

Lakini najua ni 34 inayokukosesha raha, kwa hiyo tuanze nayo. Ukiwa kwenye tambarare kwa mwendo wa 38, zaidi ya robo tatu ya nguvu ya miguu yako inakwenda kusukuma hewa. Baiskeli yenyewe inadai kidogo tu. Na hewa ya kwetu si hewa ya huko. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Magu iko juu kidogo ya hapo. Kwenye mwinuko huo, joto likiwa nyuzi 27, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo 1.03. Gent iko karibu kabisa na usawa wa bahari. Asubuhi ya nyuzi 3, mita hiyohiyo ina kama kilo 1.28. Unapasua hewa iliyo nzito kwa karibu robo zaidi ya ile uliyozoea.

Nimepiga hesabu kwa mtu wa umbo lako. Wati 250 zinazokupa 38 pale Nyanguge, huko zinakupa kama 35 na nusu hata kama hujabadilisha kitu kingine chochote. Na umebadilisha: koti, suruali ndefu, vifuniko vya viatu, tairi nene za msimu wa baridi, lami iliyolowa. Ukijumlisha yote unafika 34 hata kama mguu haujapungua hata chembe. Wenzako Wabelgiji nao hupungua kasi Januari, ila wao wamezaliwa nayo, hawashtuki. Kwa hiyo acha kuandika kasi kwenye daftari lako. Andika wati, mapigo ya moyo unapoamka, na saa za usingizi.

Sasa huyo mwenzako Mkenya. Anasema kwa nia njema, na kwao Iten, mita kama 2,400 juu, anachosema kina msingi. Mwili ukikaa kwenye hewa yenye oksijeni kidogo huongeza chembe nyekundu za damu. Lakini faida hiyo huanza kuonekana vizuri kuanzia mita kama 2,000 kwenda juu, baada ya wiki 3 au 4. Mwanza haifiki huko. Sisi watu wa ziwani si watu wa milimani, hata kama mji wetu umejaa majabali. Huwezi kupoteza kitu ambacho hukuwa nacho. Tena kushuka kutoka kwetu hadi usawa wa bahari kunakupa oksijeni zaidi katika kila pumzi, hivyo si huko kushuka kulikokupunguzia wati. Zimeshuka kutoka 300 hadi 282. Huo ndio upungufu wa kweli katika barua yako, asilimia 6, na hauhusiani na mwinuko.

Unahusiana na chakula. Na hapa itabidi nimpinge kocha wako kidogo, nikiwa mbali, bila kumvunjia heshima. Gawanya wati kwa kilo. Septemba 300 kwa 65 ni 4.6. Sasa 282 kwa 59 ni karibu 4.8. Umeona mtego ulipo? Kwenye karatasi umekuwa bora. Kocha anayeangalia namba hiyo peke yake atakupongeza huku unaisha. Wati kwa kilo ni namba ya kupanda milima mirefu. Flanders, eneo hilo la Ubelgiji unapoishi, ni tambarare yenye upepo, na vilima vyake vingi havifiki kilomita 2. Huko kinachokubeba ni wati zenyewe, na wewe umezitupa 18 ili upate wepesi usio na mlima wa kuutumia.

Kilo 6 kwa miezi 4 ni kama kusema kila siku ulipungukiwa kalori 400 hivi. Ni kitu kidogo, kama ndizi nne. Ndiyo maana hukuhisi njaa ya kutisha, wala hukujiona mtu anayejinyima. Lakini hizo ni zile tu zinazoonekana kwenye mizani. Mwili ukiona pengo linarudi kila siku huanza kubana matumizi, kama mama mwenye nyumba anayezima taa chumba kimoja baada ya kingine. Hupunguza joto, ndiyo maana unasikia baridi ndani. Hupunguza homoni za kiume, kwa sababu kuzaa si dharura. Huchelewesha kukarabati misuli na mifupa. Huvuruga usingizi, kwa kuwa mnyama mwenye njaa halali fofofo. Moyo na miguu huachwa vifanye kazi hadi mwisho, na ndiyo maana mwanamichezo hugundua akiwa amechelewa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina mwaka 2014: upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Zamani ilidhaniwa ni ya wasichana tu, kwa sababu wao hukatika hedhi na inaonekana wazi. Wanaume hunyamaza. Wewe umeandika lile jambo la asubuhi, na nakushukuru, maana kwangu dalili hiyo ina thamani kuliko kifaa chako cha wati.

Hesabu nyingine rahisi uibandike kwenye jokofu. Wati 200 kwa saa 4 ni kalori karibu 2,900. Sahani ya ugali mzito uliosongwa kwa unga gramu 300 ina kama 1,000. Maana yake safari moja inakula sahani karibu tatu za ugali wa wanaume, nje ya zile ambazo mwili ungezihitaji hata kama ungeshinda umelala. Wewe unaipa ndizi moja, kalori kama 100. Kinachobaki unakilipa kutoka mfukoni mwa misuli yako.

Barabarani, lenga gramu 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya ishirini, kabla ya njaa. Si lazima ununue zile jeli za gharama. Chupa ya mililita 750 tia sukari ya kawaida vijiko vitano vya chakula, chumvi kidogo, kamulia limau. Kunywa chupa moja kwa saa na nusu hivi, na kila saa ongeza ndizi au kipande cha mkate wenye jamu. Tumbo likigoma wiki ya kwanza anza na nusu yake, litazoea. Na viazi vitamu vinauzwa huko pia. Chemsha, kata vipande, nyunyiza chumvi, weka kwenye mfuko wa mgongoni. Bibi zetu Wasukuma walikausha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, kwa ajili ya safari ndefu zamani sana, kabla mtu hajafunga sukari kwenye karatasi inayong'aa. Mimi mwenyewe, enzi za baiskeli za chuma, nilizimika kabisa karibu na Lamadi nikielekea Bunda, macho yanaona nyota mchana. Mama mmoja muuza viazi akanikalisha kivulini akanilisha. Nilimaliza safari. Bado namkumbuka kuliko makocha wengi.

Hapo unapoishi, asubuhi mkate na chai havitoshi. Uji wa shayiri wa maziwa bakuli kubwa, mayai mawili, ndizi. Ukishuka tu kwenye baiskeli kula ndani ya nusu saa, usianze kuosha cheni kwanza. Maharage, wali, viazi mviringo na maziwa ni vyakula vya bei nafuu hata Ulaya. Na achana na mazoezi ya kuendesha na tumbo tupu kwa sasa, hata kama wenzako wote wanayafanya.

Ugumu najua uko wapi. Nusu ya posho inakwenda Kisesa. Sitakuambia uache kutuma, sisi tunajuana. Lakini kwa miezi mitatu punguza hadi robo, na umpigie mama umweleze waziwazi kwa nini. Mama aliyekuambia urudi amekwisha kusikia kwenye sauti yako kwamba huli. Hatakasirika. Wanaoweza kulalamika ni wajomba, nao watazoea.

Kuhusu dripu: usiguse. Kwetu mtu akichoka anakwenda zahanati anatundikiwa chupa, anarudi kazini, hakuna anayeuliza. Kwa mwanamichezo wa mashindano hilo ni kosa. Sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, zinakataza dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12, hata kama ndani yake kuna maji na chumvi tu, isipokuwa unatibiwa hospitalini, uko kwenye upasuaji au kipimo maalumu cha hospitali, au umepewa kibali cha matibabu. Na UCI, shirikisho la baiskeli duniani, lina sera yake ya kutotumia sindano tangu 2011. Haitasaidia kusema hukujua. Kinachoingia mwilini mwako ni mzigo wako. Hesabu humo pia zile dawa za mitishamba ambazo shangazi anaweza kukutumia kwa mtu anayesafiri, na dawa ya maumivu ya tramadoli, ambayo imepigwa marufuku mashindanoni na WADA tangu Januari 2024. Mshukuru shangazi, ila usinywe.

Tena madini ya chuma yenyewe hujui kama unayahitaji. Hayana kazi kwa mtu ambaye ghala lake limejaa, na yakizidi yanadhuru ini. Yapimwe kwanza: picha kamili ya damu na feritini, ambayo ndiyo kipimo cha ghala. Himoglobini peke yake inaweza kuonekana nzuri huku ghala likiwa tupu. Ikipungua, vidonge vya kawaida chini ya daktari vinatosha kwa watu wengi, na hilo halina kosa lolote.

Sasa sikiliza vizuri sehemu hii, kwa sababu daktari wa huko anaweza asiifikirie. Umekulia kando ya ziwa. Bila shaka umeogelea, umevua, umevuka maji ya magoti. Kichocho kimejaa kwenye mwambao wote wa Ziwa Victoria, na mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi bila homa wala maumivu, akichoka tu na kupungukiwa damu taratibu. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu vivyo hivyo. Omba upimwe kinyesi, mkojo na damu. Kichocho kikionekana, dawa ni praziquantel, mara nyingi dozi ya siku moja tu, na haina shida na sheria za michezo. Nimewahi kuona vijana wanaozungushwa kutoka kipimo hadi kipimo kutafuta ugonjwa wa moyo, kumbe walibeba wadudu wa ziwani.

Uliza nyumbani pia kama umewahi kupimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda yetu ya Ziwa ina watu wengi waliobeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, na hawa wanaweza kushindana vizuri kabisa. Ila wanatakiwa kupasha mwili taratibu, kunywa maji vya kutosha, na kusimama mara moja misuli inapolegea ghafla katikati ya juhudi kubwa. Na wakikuambia chembe nyeupe zako ziko chini kidogo, usikose usingizi kabla ya kuuliza: kwa Waafrika wengi kiwango hicho ni cha kuzaliwa na si ugonjwa.

Vitamini D nayo ipimwe. Mwanza jua linatoka na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Huko Januari mchana una urefu wa saa 8 au 9 tu, jua limelala chini, na umejifunika mpaka pua. Ngozi yetu nyeusi haitengenezi kitu kwa jua hilo. Upungufu wake hudhoofisha mifupa, na wewe tayari una njaa inayodhoofisha mifupa. Ukianguka kwenye barafu, hayo mawili hayatakuhurumia.

Mbio za Oktoba sizioni kama ushahidi wa udhaifu. Mbio zetu za Kanda ya Ziwa ni barabara ndefu iliyonyooka. Mwenye mapafu anawachosha wenzake mmoja mmoja hadi abaki peke yake. Mbio za vijijini za Ubelgiji ni mizunguko mifupi yenye kona nyingi na watu mia na zaidi. Anayekaa nyuma hufunga breki kila kona, kisha hukimbia kama mwizi kuwafikia wa mbele, wakati wa mbele wamepita bila kupunguza. Mizunguko 12 yenye kona 8 ni karibu mbio fupi mia moja ambazo mwenzako wa mbele hakuzikimbia. Ukijumlisha upepo wa ubavuni, unaowapanga waendeshaji kimshazari barabarani hadi nafasi ya kujificha inaisha, mtu wa mkiani hana pa kwenda. Ni ufundi, unafundishika. Mweritrea Biniam Girmay alitoka Asmara, akapitia kituo cha UCI kilichoko Aigle, Uswisi, na mwaka 2022 akashinda Gent–Wevelgem, mbio za upepo na barabara za mawe ambazo hakuna Mwafrika aliyewahi kuzishinda kabla yake. Mwombe kocha akupeleke na kundi mara mbili kwa wiki, kazi yako ikiwa moja tu: kubaki katika watu 30 wa mbele. Wati uzisahau siku hizo.

Sasa kurudi nyumbani. Nimelipima jambo hili kwa uaminifu, kwa sababu lina mvuto hata kwangu. Ungerudi sasa ungepata jua, usingizi, sato wa mama, na barabara ya Usagara hadi Misungwi asubuhi na mapema kabla malori hayajaamka. Kwa akili iliyochoka upweke, hiyo ni dawa. Lakini kupumzika nyumbani si kupumzika. Mtu katoka Ulaya. Kuna misiba ya kuhudhuria, harusi za kuchangia, wageni wa saa tano usiku. Kipuri kikivunjika utasubiri. Na huo ufundi wa kundi hutaupata popote. Nauli ya kwenda na kurudi ingekulisha vizuri miezi kadhaa huko uliko. Iten ndiyo kabisa usiende sasa: mwinuko hupunguza hamu ya kula, na mwili usio na chuma wala chakula hauna cha kujengea damu.

Ningekuwa mimi, ningebaki. Wiki mbili za kwanza ningeshusha mazoezi hadi saa 8 au 9 za taratibu, bila juhudi kali hata moja, huku nikila kama nilivyoeleza. Usiogope mizani ikipanda kilo moja wiki ya kwanza. Mengi ni maji na wanga vinavyorudi kwenye misuli. Wiki ya tatu na ya nne panda hadi saa 12, pima dakika 20 tena. Mwili wa asubuhi ukiamka na wati zikirudi juu ya 290, endelea huku ukiongeza saa kidogo kidogo, na msimu utaanza Machi ukiwa mzima. Vikigoma vyote baada ya wiki 6, au ukiona kila siku unaamka unalia, rudi nyumbani bila aibu, ila uangalie kwanza kibali chako cha ukaazi kinasemaje kuhusu kutoka na kuingia. Na ukirudi, lala ndani ya neti kila usiku. Kinga ya malaria uliyokuwa nayo hupungua ukikaa mbali.

Vipimo nilivyotaja usivisubirishe, fanya wiki hii, na uongeze homoni ya kiume ipimwe asubuhi mapema. Barua yangu haiwezi kusikiliza moyo wako. Maumivu ya kifua, kuzirai, au moyo kurukaruka wakati wa juhudi: shuka kwenye baiskeli na uende hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo damu kwenye mkojo, au maumivu ya mfupa yanayouma sehemu moja hata usiku. Na homa yoyote katika mwaka huu wa kwanza ni ya kupimwa malaria ndani ya siku moja, hata kama nje kuna theluji na daktari anasema ni mafua.

Ukienda, mwombe mwenzako anayejua Kiholanzi akuandikie kwenye karatasi mistari miwili: umekulia Mwanza kando ya Ziwa Victoria, umeogelea humo tangu utotoni, na ni mwanamichezo anayepimwa dawa. Mpe daktari karatasi hiyo kabla hajakuuliza unaumwa nini. Majibu yakitoka, nitumie.